Nani atasaini dosiye yako? Juu ya avoka wa uhamiaji, viza na uraia

Ndugu wa chama, wale mulioniandikia pembeni juu ya mambo ya Kanada, nawajibu wote hapa. Ni ndefu kidogo, munivumilie.

Wiki iliyopita mdogo mmoja wa agro, yuko mwaka wa mwisho, alinitumia ujumbe: "Yaya, kuko ajansi moja hapa mjini, banaomba dola 1500 juu ya viza ya Kanada. Banasema iko garanti. Nilipe?" Nikamwuliza kitu kimoja tu: nani atasaini? Akajibu: "Kusaini nini?"

Hapo nikaona lazima niandike, juu karibu miaka miwili iliyopita hata mimi nisingejua kujibu.

Nianze na mambo yangu, maana wengi munajua nusu tu. Munajua kwamba nilipata nafasi ya masta ya sayansi ya udongo Kanada na kwamba sikuenda. Watu walisema "viza ilikataa", na mimi niliacha waseme hivyo. Haikukataa tu. Nilifungiwa miaka mitano. Leo ni mara ya kwanza naliandika jambo hili wazi.

Barua ya kukubaliwa chuoni ilifika Januari 2024. Nilienda kwenye ajansi moja ya hapa Lubumbashi, sitaitaja jina. Biro safi, hewa baridi, bendera ya Kanada mlangoni, picha za vijana wenye masanduku kwenye uwanja wa ndege. Dola 1500 za Marekani, nusu mbele, nusu kiisha. Waliomba pasipoti, diplome, alama za masomo, na releve ya banki ya baba. Baba analima mahindi upande wa Kipushi, hekta 12, tena anauza unga. Kwenye akaunti yake kulikuwa na dola 6400 na kitu. Yule bwana aliangalia karatasi akasema: "Hii ni kidogo. Lakini usijali, tutaipanga."

Tutaipanga. Nililisikia neno lile na sikuuliza kitu. Mimi niliyefundishwa miaka mitano kuuliza udongo huu ulichukuliwa fasi gani, kina gani, nani aliupima, siku ile ya maisha yangu mwenyewe sikuuliza "mutaipanga namna gani?"

Wao ndio walifungua akaunti kwenye tovuti ya wizara ya uhamiaji ya Kanada, kwa barua pepe yao na neno la siri lao. Fomu sikuziona. Nilipanda ndege mpaka Kinshasa kutoa alama za vidole, nikarudi, nikangoja. Mwezi wa tano wakanipigia simu: "Kuko kabarua kadogo, usijali." Nilisumbua siku nne ndipo wakanitumia picha yake. Barua ilinipa siku 10 kujieleza, na nne zilikuwa zimekwisha pita. Ilisema hivi: tuliuliza banki, na banki imejibu kwamba releve hii haikuitoa. Kwenye karatasi hiyo baba yangu alikuwa na dola 31000. Baba hajawahi kuona dola 31000 fasi moja tangu azaliwe.

Binamu yangu yuko Ottawa. Yeye ndiye alinitafutia avoka, mama mmoja anayefanya mambo ya uhamiaji tu. Saa moja ya mazungumzo kwa video, dola 225 za Kanada, binamu akalipa. Kwa mazoea ya hapa nilimwita Metre, akacheka. Aliuliza: Fomu ulizisoma? Nani aliziandika? Jumbe zote kati yako na ajansi bado unazo? Kiisha akanieleza kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji. Mtu anayetoa habari ya uongo au anayeficha jambo la maana, moja kwa moja au kupitia mtu mwingine, anaweza kufungiwa miaka mitano. "Kupitia mtu mwingine" ndiyo ilikuwa ajansi yangu. Nikamwambia sikujua. Akasema: nakuamini, lakini dosiye ni yako, na wewe ndiye uliwapa ruhusa ya kuipeleka.

Aliandika jibu ndani ya siku zilizobaki: releve ya kweli, barua ya banki, jumbe zangu na ajansi, maelezo yangu mwenyewe niliyoyasaini. Mwezi wa saba uamuzi ukatoka: nimefungiwa mpaka Julai 2029. Hakuna viza ya masomo, hakuna ya kutembea, wala siwezi kuomba makazi ya kudumu katika muda huo.

Niliuliza juu ya mahakama. Na hapa ndipo nilielewa avoka ni nani. Aliniambia tarehe ya mwisho ya kupeleka kesi, akaniambia gharama yake, kiisha akasema nafasi ya kushinda ni ndogo sana, na kwamba yeye hatachukua pesa ya familia yangu kwa hiyo. Kama nataka maoni ya avoka mwingine, ni haki yangu. Ajansi ilichukua 1500 kwa ahadi ya "garanti". Yeye aliikataa pesa nyingi kuliko hiyo kwa kusema ukweli.

Sasa turudi kwa swali la mdogo wetu, nani atasaini.

Sheria ya Kanada, kifungu cha 91, inasema si kila mtu ana ruhusa ya kulipwa ili akushauri au akusimamie katika ombi la uhamiaji. Wanaoruhusiwa ni hawa: avoka aliyeandikwa kwenye baro la jimbo moja la Kanada (na Ontario, hata wasaidizi wa sheria wenye leseni ya baro lile), notari wa Chambre des notaires du Québec, na mshauri aliyeandikwa kwenye Collège des consultants en immigration et en citoyenneté, chombo kilichoanza kazi mwisho wa mwaka 2021. Basi. Shangazi yako anaweza kukusaidia bure kujaza fomu, hiyo si kosa. Lakini mtu anayekula pesa lazima awe kwenye orodha moja ya hizo, na orodha ziko wazi kwenye intaneti. Unaandika jina, unaona kama leseni yake iko hai, imesimamishwa au imefutwa. Ni dakika tano.

Na mtu huyo, kama ni wa kweli, anajitangaza. Kuna fomu inaitwa IMM 5476, ya kusema kwamba unatumia msimamizi. Ndani yake kuna jina lake, namba yake ya uanachama, saini yake na saini yako. Fomu ile ndiyo alama yangu siku hizi. Ajansi yangu haikuiweka. Kwa macho ya afisa wa viza, dosiye yangu niliifanya mimi peke yangu, nyumbani, na ile releve niliitengeneza mimi. Mtu ambaye hajasaini hana cha kupoteza. Avoka akiweka karatasi ya uongo, baro linaweza kumnyang'anya kazi aliyoisomea miaka mingi, ndiyo maana atakusumbua na maswali. Tena pesa unayompa mbele ya kazi anaiweka kwenye akaunti ya amana, anaitoa kidogo kidogo kwa kazi aliyofanya, na mnaandikiana mkataba. Na unayomwambia yanabaki siri ya kazi. Kwa hiyo mwambie yote, hata ya aibu.

Kuna jambo lingine ajansi hawatawaambia: mara nyingi haumuhitaji mtu yeyote. Wizara yenyewe inasema ombi lililofanywa na msimamizi halipewi upendeleo wowote. Ombi la ruhusa ya masomo ni dola 150 za Kanada, alama za vidole 85. Fomu ziko kwa Kifaransa, lugha ambayo sisi tumesomea tangu sekondari. Kama dosiye yako ni nyepesi, yaani umekubaliwa chuoni, pesa inaonekana, hujawahi kukataliwa, majina yako yanafanana kwenye karatasi zote, kaa chini na mwenzako mmoja anayesoma vizuri, mfanye wenyewe. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako. Hata ukimpa avoka kazi, mwombe nakala ya kila kitu kabla hakijatumwa.

Avoka anakuwa wa lazima pale mambo yanapokuwa na mafundo. Ulikataliwa zamani. Ulipata barua ya kukutaka ujieleze, kama mimi. Ulikaa nchi fulani bila karatasi. Umewahi kuwa na kesi. Au majina: sisi tuko na jina, postinomu na prenomu, na kwenye diplome d'État karani alianza na hili, kwenye pasipoti wakaanza na lile, kwenye cheti cha kuzaliwa kilichopatikana kwa hukumu ya mahakama umri umeteleza mwaka mmoja. Kwetu hakuna anayeshangaa. Kwa afisa aliye mbali hao ni watu wawili. Hapo karatasi ya maelezo iliyoandikwa na mtu anayejua sheria, pamoja na ushahidi, ina uzito.

Fundo lingine kubwa, na hili nawaambia wavulana hasa, ni mtoto. Kuna wenzetu wako na mtoto na hawamwandiki kwenye fomu, juu ajansi imewaambia "single inapita haraka", au juu familia ya msichana haijajua bado. Ukiomba makazi ya kudumu Kanada bila kumtaja mtoto wako, kanuni zao, kifungu cha 117, zinaweza kumfungia nje ya njia ya kuungana na familia. Ni kusema, siku utakapotaka kumleta, watakuambia: mtoto gani? Hukutuambia. Nimeona baba mmoja akihangaika na hilo. Pesa aliyookoa kwa kuficha ni ndogo sana kuliko ile anayolipa leo.

Nirudi kidogo kwa releve ya baba, maana hapo ndipo panaponiuma zaidi. Siku ya yale mazungumzo, avoka aliniuliza: "Baba yako anafanya kazi gani hasa?" Nikamweleza shamba, hekta, unga, wateja. Akauliza: kuna hati ya shamba? Iko. Kuna stakabadhi za mauzo? Ziko, za depo mbili. Kuna mtu mwingine wa familia anayeweza kusaini kwamba atasaidia? Binamu, yuko na kazi Ottawa. Na profesa aliyekukubali, ameahidi posho ya utafiti? Ndiyo, iko kwenye barua. Akanyamaza kidogo. Mwaka ule wa 2024, mwanafunzi peke yake nje ya Québec alitakiwa kuonyesha dola 20635 za Kanada za kuishi mwaka mmoja, mbali na minervali na safari. Tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22895. Si lazima zote zilale kwenye akaunti moja ya baba. Zinaweza kutoka posho, bursi, mdhamini, mali inayoonekana inaingiza nini kila msimu. Dosiye ya kweli ilikuwepo. Ilikuwa ndani ya sanduku la chuma chini ya kitanda cha baba, na hakuna aliyemwomba alifungue.

Inawezekana ile ya kweli nayo ingekataliwa. Nakubali. Lakini musichanganye mambo mawili: kukataliwa na kufungiwa. Ukikataliwa, mwezi ujao unaomba tena na karatasi bora. Ukifungiwa kwa uongo, unahesabu miaka.

Mwenzangu mmoja wa promosyo alikataliwa, hakufungiwa, na njia yake ilikuwa nyingine kabisa. Alifanya dosiye peke yake, safi. Mwezi wa kumi na moja 2024 jibu likaja: afisa hajaridhika kwamba utatoka Kanada muda ukiisha. Sababu hiyo inatoka kwenye kanuni yao ya 216, na Waafrika wanaosoma kwa Kifaransa wanaijua kama salamu. Hata bunge lao lenyewe, kupitia kamati ya uraia na uhamiaji, lilitoa ripoti mwaka 2022 juu ya tofauti za namna maombi yanavyoamuliwa. Ajansi ingemwambia: lipa tena, tuombe tena. Karatasi zile zile, jibu lile lile.

Avoka alifanya kitu kingine. Alitafuta maandishi ambayo afisa anayaingiza kwenye kompyuta wakati wa kuamua, maana barua ya kukataa ni ya mfano mmoja kwa wote, lakini maandishi yale ndiyo mawazo yenyewe. Ndani yake waliona afisa ameandika kwamba mwombaji hana kazi nchini, wakati barua ya mwajiri wake, ya mradi wa mbegu, ilikuwa kwenye dosiye tangu siku ya kwanza. Hakusema barua ni ya uongo. Hakuitaja kabisa. Hilo ndilo jambo la kupeleka mbele ya Mahakama ya Shirikisho.

Muelewe mahakama ile inafanya nini. Haikupi viza. Kwanza unaomba ruhusa ya kusikilizwa, na kwa uamuzi uliotolewa nje ya Kanada uko na siku 60 tu tangu kuupokea (kwa ule wa ndani ya Kanada ni 15). Ukishinda, dosiye inarudi kwa afisa mwingine aiangalie upya. Tangu Oktoba 2024 mahakama imeweka utaratibu mfupi wa majaribio kwa kesi za ruhusa ya masomo, maana zamani mtu alingoja zaidi ya mwaka na muhula wake ukapita. Kuandikisha ni dola 50 za Kanada. Kazi ya avoka ndiyo ghali. Kwa mwenzangu haikufika hata kwa hakimu. Mawakili wa serikali walisoma, wakapendekeza wenyewe dosiye ifunguliwe tena. Mwezi wa sita 2025 alipata viza. Siku ya 61 angekuwa amechelewa, na ile barua ya mwajiri isingemsaidia kitu. Wengi wetu tukikataliwa tunakaa miezi tukilia na kuomba, kiisha tunaamka muda umekwisha.

Avoka yule yule alimwonyesha kitu ambacho hakuna ajansi ya hapa iliyonitajia. Tangu tarehe 26 Agosti 2024 kuna mpango wa majaribio wa wanafunzi wanaozungumza Kifaransa, kwa vyuo kadhaa vilivyo nje ya Québec, na RDC iko kwenye orodha ya nchi. Anayeingia humo hadaiwi kuthibitisha kwamba atarudi nyumbani, na kiwango cha pesa ni cha chini. Nafasi zina kikomo kila mwaka, tena barua ya chuo lazima itaje mpango huo. Wanaotafuta vyuo sasa, ulizeni chuo chenyewe kabla hamjalipa mtu.

Juu ya uraia nitasema machache, lakini mulisome polepole, hasa wale ambao nyumbani kuna shamba.

Binamu yangu ana makazi ya kudumu na anafikiria kuchukua uraia wa Kanada. Hesabu yao: siku 1095 za kuwa ndani ya nchi katika miaka mitano kabla ya kuomba, siku ulizokaa kama mwanafunzi kabla ya makazi ya kudumu zinahesabiwa nusu nusu, mwisho 365. Kanada haina shida na mtu kuwa na uraia mbili. Shida iko kwetu. Sheria yetu namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchangwi na mwingine, na Katiba ya 2006, kifungu cha 10, inarudia neno hilo. Anayechukua uraia mwingine anapoteza wa Kongo. Wengi wanatembea na pasipoti mbili mfukoni na hawasemi, tunawajua. Lakini kukosa kukamatwa si sawa na kuwa na haki.

Avoka wa Ottawa alimsaidia hesabu ya siku, kiisha akamwambia: kwa sheria ya nchi yako, tafuta avoka wa nchi yako. Tukaenda kwa Metre mmoja wa baro la hapa. Huyu akatuuliza jambo ambalo hatukulifikiria: ardhi. Sheria ya ardhi ya 1973 inatoa konsesyo ya daima kwa Wakongomani. Mgeni anapata ya muda. Na sheria ya kilimo ya Desemba 2011, kifungu cha 16, inafunga konsesyo za kilimo kwa Wakongomani au kampuni ambazo wao ndio wenye sehemu kubwa. Binamu ana sehemu yake kwenye shamba la familia, iko kwa jina lake. Mtu anaweza kula kiapo kizuri mbele ya bendera nyingine Jumanne, na Jumatano jina lake kwenye hati ya shamba linakuwa swali. Sheria ya 2004 ina sura juu ya kurudishiwa uraia, lakini unaomba, unangoja, na katikati hapo wewe ni nani? Binamu bado anafikiri. Sisemi achukue au aache. Nasema alipata kulijua kabla ya kiapo.

Hii inaonyesha pia kazi ya avoka wa hapa na wa kule si moja. Wa hapa hawezi kukushauri kwa malipo juu ya sheria ya viza ya Kanada, na wa kule hajui mahakama yetu. Lakini wa hapa anakufanyia hukumu ya kusahihisha cheti cha kuzaliwa, hati ya idhini kwa mtoto kusafiri, mambo ya shamba, na kudai pesa zako. Mimi Metre huyo aliniandikia barua ya madai kwa ajansi. Nilirudishiwa dola 400. Zingine walisema "zilikwenda kwenye dosiye".

Kwa mdogo wetu: nilimpa maswali matatu apeleke kule ajansi. Jina na namba ya mtu atakayesaini IMM 5476 ni nini? Akaunti itafunguliwa kwa barua pepe ya nani? Nitaona kila karatasi kabla haijatumwa? Jibu lao, nimeliona kwa macho yangu kwenye simu yake: "Petit, sisi tuko na batu ndani ya ambasade." Basi akaomba pasipoti yake. Walimrudishia siku ya nne, wakabaki na dola 50 za "kufungua dosiye".

Ijumaa jioni alikuja nyumbani na bahasha. Ana barua ya kukubaliwa, chuo kiko nje ya Québec, tumeandikia chuo kuuliza juu ya ule mpango wa majaribio. Majina yake yanafanana, hajawahi kukataliwa, kwa hiyo tunaifanya wenyewe. Nitalipia saa moja tu ya avoka aisome mwishoni, binamu ameshatafuta bei. Tulianza na pesa. Mama yake anauza samaki wa Kasenga sokoni, na ana daftari la mauzo tangu 2021. Kurasa za 2023 zimeliwa na panya pembeni, lakini tarehe na hesabu bado zinasomeka.